Mama wa Mwavuli Kwenye Mikorosho

Jamani, leo nimeumbuka mpaka nimejionea huruma mwenyewe. Naandika hapa nikiwa chumbani kwangu Nachingwea, nimevaa msuli usio wangu, na suruali yangu nzuri sijui nitaiona tena lini. Someni polepole. Na wewe Bosko, najua utakuwa wa kwanza kucheka. Jizuie.

Tuanze na rangi. Kazi yangu mnaijua, naandika vibao. "Saluni ya Kisasa." "Vifaranga Vinapatikana Hapa." "Usikojoe." Ukuta wowote wa Nachingwea unaokukataza kukojoa, kuna uwezekano mkubwa ni mkono wangu. Lakini mwaka huu nimeamua kujifunza kuchora picha kwa rangi za mafuta. Siyo ile ya kupaka milango mnayoijua ninyi! Hii inakuja kwenye vitubu vidogo kama dawa ya meno, nimeagiza Dar, na mwalimu wangu yuko kwenye video za simu. Huyo mwalimu anasema ukitaka kujifunza haraka, chukua picha ya zamani ya mabingwa, uitengeneze upya kwa mkono wako, nje, juani, na mtu wa kweli kasimama mbele yako. Nikachagua moja: mwanamke wa Kizungu yuko kilimani, kashika mwavuli, upepo unalichezea gauni lake. Mimi nikasema majani ya Wazungu nitayatoa, nitaweka mikorosho. (Mtu wa kwetu hata akichora peponi ataweka mkorosho.)

Sasa kwa nini leo? Kwa sababu leo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kujitambulisha ukweni. Nampenda binti anaitwa Skola, anafundisha watoto wa chekechea hapa Nachingwea, na kwao ni Ruangwa, upande wa Likunja. Na kama mnavyojua kwetu kusini, baba anaweza kukupenda, mama anaweza kukupenda, lakini neno la mwisho analo mjomba. Mjomba wa Skola anaitwa Mzee Damasi. Sijawahi kumwona, ila ujumbe wake niliupata: "Huyo kijana wa vibao aje anionyeshe kazi yake. Nisipoiona kazi, sitoi mtoto."

Kauli hiyo iliniuma, sitaficha. Nikapanga mpango. Mchana mjomba wangu Gaspari angekuja kutoka Nachingwea na maneno ya ushenga. Mimi ningetangulia asubuhi na mapema, niende kwenye shamba lao la korosho ambalo Skola alishanielekeza lilipo, nilichore, halafu mchana niingie ukweni na picha mkononi. Mzee Damasi aone shamba lao kwa rangi za mafuta, na mwanamke wa mwavuli juu yake. Akatae sasa!

Sikumwambia mtu. Mimi ni mtu wa kushuku, hilo nalo mnalijua. Skola hawezi kutunza siri, na Mjomba Gaspari ndiye anayezigawa. Halafu nikasema, nikitangaza mapema kuna mchora vibao mwingine hapa mjini ataniwahi. (Jina silitaji. Anajijua.)

Basi nikashuka Ruangwa mjini, nikapanda bodaboda ya Likunja. Begani nina begi la rangi, mkononi fremu niliyoiwamba kitambaa cha marekani, na stendi yangu ya kuchorea niliyoichonga mwenyewe, ya miguu mitatu. Kijana wa bodaboda akaiangalia stendi muda mrefu.

"Bro, we ni wa madini?"

"Hapana."

"Wa barabara?"

"Hapana. Mbona maswali mengi?"

Njia nzima akawa ananiangalia kwenye kioo cha pikipiki. Nikajua huyu ana mpango na begi langu, nikalikumbatia mpaka tumefika. Aliponishusha hakuondoka haraka. Alisimama kule barabarani akitazama naelekea wapi. Nikamshuku zaidi.

Shambani hapakuwa na mtu. Mikorosho imepangwa vizuri inapanda kilima, jua la asubuhi linapita katikati, korosho zimedondoka chini. Nikafurahi sana. Mwalimu wa video anasema weka alama mahali anaposimama mtu unayemchora na mahali unaposimama wewe, ili vipimo visibadilike. Nilikuwa nimechonga vigingi kabisa, nikavipaka ncha nyekundu. Ni ile nyekundu iliyobaki kwenye kibao cha "Usikojoe". Nikavipigilia kwa jiwe, kimoja huku, kimoja kule, vingine kwenye mstari wa mikorosho. Vilipendeza!

Shida ikawa mtu wa kumchora. Skola alikuwa jikoni kwao anapika kwa ajili yetu. Nikasimika mti, nikauvisha kitenge, nikaufunga mwavuli wangu juu. Upepo ukaja, mwanamke wangu akaanguka kifudifudi. Nikamwinua. Akaanguka tena na mwavuli ukapinduka, mbavu nje. Nilikaribia kulia.

Ndipo nikauona mwavuli mwingine.

Kule juu, mwisho wa mikorosho, katokea mama mmoja. Mwavuli wa bluu. Kanga ya njano. Mkono mmoja kiunoni, shingo imelala upande kidogo, kasimama ananitazama. Uso siuoni, uko ndani ya kivuli. Jamani, ilikuwa ile picha yenyewe! Nikashika brashi haraka kabla hajapita.

Hakupita. Alisimama tu. Nikachora mwavuli, yupo. Nikachora kanga, yupo. Hapo nikaanza kumshuku. Mtu mwenye shughuli zake hasimami juani bila kazi. Skola alishaniambia leo kwao wote wako nyumbani tangu alfajiri, wanatusubiri. Huyu basi ni nani? Nikatazama zile korosho zimelala chini, nikatazama kanga yake. Nikaelewa kila kitu. Mwizi wa korosho! Anasubiri niondoke aokote.

Nikaona fahari kifuani. Bado hata sijajitambulisha, tayari nalinda mali ya ukweni! Nikaweka mikono mdomoni nikapaza sauti:

"Mama! Shamba hilo lina wenyewe!"

Naye akapaza sauti: "Najua!"

"Basi zisiguswe hizo korosho! Nakuona!"

"Na mimi nakuona!"

Umesikia kiburi hicho? Mwizi ananijibu! Nikasema sawa, mimi sitoki hapa. Nitakuchora na nitakulinda kwa pamoja. Na kila nilipomtazama ndivyo alivyozidi kukaza miguu. Akatoa simu kwenye kanga akaongea kwa muda, ananinyooshea kidole. Nikajua anaita wenzake. Waje tu, nikasema, nitawachora wote, picha iwe ushahidi.

Kuchora kwenyewe kuna kupima. Mnapaswa kuelewa hili, maana ndilo lililoniua. Unanyoosha mkono mbele, unasimamisha kidole gumba, unafumba jicho moja, unapima urefu wa mtu kwa kidole. Kisha unachora. Kisha unapima tena. Mimi nimejifunza juzi tu, kwa hiyo nilipima sana. Mwanagenzi hupima mpaka kivuli. Asubuhi yote, kidole gumba, jicho moja, kidole gumba, jicho moja, namwelekezea mama wa watu.

Lakini picha! Jamani, sijawahi kuchora kitu kama kile. Ukiisogelea unaona mabaka tu ya rangi, ila ukirudi nyuma yule mama anasimama mbele yako, kiuno chake, shingo yake, upepo umeingia kwenye kanga. Nilisisimka mwili. Nikasema Mzee Damasi leo ataniletea kiti mwenyewe.

Nikasikia miguu nyuma yangu.

Walikuwa wanaume wanne. Mbele mzee mfupi mwenye kofia na panga. Nyuma yake mmoja kabeba vigingi vyangu vyote, wameving'oa na kuvifunga kama mzigo wa kuni. Na wa mwisho kabisa, yule yule wa bodaboda! (Nilisema mimi! Nilimshuku toka mwanzo!)

"Shikamooni, wazee."

Hawakuitikia. Mtu wa kwetu asipoitikia shikamoo, anza kutafuta njia.

"Vigingi hivi vya nani?" aliuliza mzee wa panga.

"Vyangu, mzee."

"Kampuni gani imekutuma?"

"Sijatumwa na mtu. Nachora."

"Unachora nini?"

"Shamba."

Wakaangaliana. Mimi mwenyewe nilisikia lilivyotoka vibaya. Ruangwa siku hizi mtu akija na stendi ya miguu mitatu akapigilia vigingi vyekundu kwenye shamba lako, anayefuata nyuma yake anakuja kukuambia chini yako kuna madini, hama. Hayo nayajua, ni ya kila siku kwenye vijiwe. Lakini kichwani mwangu nilikuwa msanii, na msanii anajiona msanii hata kwa wengine.

"Siyo ramani, mzee, ni picha. Itazameni."

Mzee akaitoa picha kwenye stendi, akailaza kwenye majani, wakainama wote wanne pua karibu na rangi.

"Huu mto," alisema mmoja.

"Hii barabara."

"Na hapa palipopakwa bluu," alisema yule wa bodaboda, "ndipo wanapotaka kuchimba."

"Hapo ni mwavuli!" nikasema. "Picha hii inaangaliwa kwa mbali. Rudini nyuma muione."

"Turudi nyuma ili ukimbie?" aliuliza mzee.

Wakati huo yule mama alikuwa ameshuka na mwavuli wake, akasimama nyuma ya mkorosho wa karibu. Akaongea kwa hasira. "Na ameniita mwizi! Na tangu asubuhi ananikonyeza! Anafumba jicho, ananionyesha gumba! Mimi, mtu mzima!"

Yule wa bodaboda akasema, "Duh."

Hapo nikapandisha. Hasira zikanijaa, kwa sababu nilijua niko upande wa haki. "Wazee, huyo ndiye wa kukamata! Amesimama hapa asubuhi yote anazitolea macho korosho za watu. Mimi ndiye ninayelinda. Hapa ni ukweni kwangu!"

Panga likashuka kidogo. "Ukweni kwako kwa nani?"

"Kwa akina Skola. Leo nakuja kujitambulisha. Mkitaka muulizeni mjomba wao, Mzee Damasi. Ananisubiri."

Wale watatu wakamtazama mzee wa panga. Mzee wa panga akavua kofia, akanitazama kuanzia viatu mpaka nywele.

"Damasi ni mimi," akasema. "Na huyo mwizi wako ni dada yangu. Ni mama yake Skola."

Jamani.

Huyu wa bodaboda alikwenda kuwaambia kuna mpimaji kaingia shambani kwao. Mama akaacha masufuria, akachukua mwavuli, akaja kusimama asinipoteze machoni mpaka kaka yake afike. Yeye alikuwa analinda shamba lake dhidi yangu. Mimi nalinda shamba lake dhidi yake.

Na ninyi mnajua mama mkwe ni nani. Ukikutana naye njiani unapisha. Akikusalimia unatazama chini. Macho yako na yake hayakutani mpaka mambo yaishe, na hata yakiisha ni kwa tahadhari. Mimi nimemkodolea asubuhi nzima, tena jicho moja moja!

Mama akatoa sauti ndogo, akajifunika kanga usoni, akateremsha mwavuli ukawa ukuta kati yetu, akageuka na kwenda zake mbio nyumbani. Mimi kwa aibu nikarudi nyuma, nikachuchumaa chini kwa heshima, kichwa kimeinama. Nikapepesuka. Nikakaa.

Nilikaa kwenye kitu chenye ubaridi.

Jambo jingine la kujua kuhusu rangi za mafuta: hazikauki leo. Hazikauki hata kesho. Nilipoinuka, kwenye kitambaa pamebaki mvurugo mtupu. Picha yangu imekwisha, na ule mchana nilioutegemea umekwisha nayo. Nililia kidogo, na yeyote aliyekuwepo atasema nilitokwa jasho. Mzee Damasi akatazama ule uchafu, akasema, "Sasa kazi yenyewe ndiyo hiyo?" Kisha akatangulia njia, nikamfuata. Nikavua koti, nikalifunga kiunoni, mikono ya koti mbele, nikidhani huko nyuma nimechafuka tu.

Ukweni wamejaa. Baba yake Skola, mama wadogo, majirani. Mama mwenyewe yuko chumbani nyuma ya pazia, hatoki. Skola akanitazama kwa macho ya "umefanya nini wewe?" Sebuleni makochi yamevikwa vitambaa vyeupe vya kufuma.

"Kaa, mwanangu," alisema baba.

"Ahsante baba, nasimama."

"Kaa bwana."

"Nimekaa sana kwenye gari."

Wakaanza kunong'onezana. Nikasikia mmoja anauliza kama nina jipu. Mwingine akasema labda ni maradhi yanayofichwa, ndiyo maana kaja haraka kuoa. Yaani kila nilichofanya kilizidi kuwatia shaka!

Mjomba Gaspari akaingia na suti yake, hajui lolote, akaanza. "Ndugu zetu, tumemleta kijana. Ni mpole. Ana adabu. Ana macho ya heshima."

Nyuma ya pazia mtu akakohoa.

"Simama tukuone, kijana," alisema mama mdogo wa Skola. "Eh, umeshasimama. Basi toa hilo koti. Ukweni unakuja umejifunga koti kama unakwenda kupigana? Toa, ugeuke."

"Mama mdogo, nisamehe."

"Geuka!"

Nikamtazama Skola. Akaniashiria kwa kichwa nigeuke tu, yaishe. Nikavua koti. Nikageuka taratibu, nikafumba macho, safari hii yote mawili.

Mama mdogo akapiga kelele nyumba nzima ikashtuka.

"Dada! Dada, toka! Ni wewe! Uko kwenye matako ya kijana!"

Vurugu! Watu wameruka kwenye makochi. "Mwavuli wake huo!" "Mkono kiunoni, tazama!" "Na hiyo shingo, anavyosimama akikasirika, ni yeye mtupu!" Rangi yote ilihama kutoka kwenye kitambaa ikaja kwenye suruali yangu ya kaki, safi kabisa, mama mkwe mzima na mikorosho yake, ila mwavuli umehamia mkono wa pili. Baba mkwe alicheka mpaka akatoka nje kushika ukuta. Mjomba Gaspari alikaa chini, suti na yote, akajifunika uso. Mimi nimesimama nimewapa mgongo, nasubiri ardhi ipasuke.

Nikasikia viatu vinarudi nyuma, polepole, mpaka ukutani. Nikageuza shingo. Mzee Damasi alikuwa amesimama mbali, kichwa upande. Akafumba jicho moja.

"Ehee," akasema. "Kweli inaangaliwa kwa mbali." Akageukia pazia. "Dada, ni wewe huyo. Basi. Kazi nimeiona."

Skola alipiga kigelegele kabla ya watu wazima, wakamkemea, lakini vingine vikafuata. Nilitaka kucheka na kulia, nikashindwa kuchagua.

Masharti yakaja. Kwa kosa la kukonyeza, doti ya kanga kwa mama, nzuri, si ya jina tu. Kwa kumwita mwizi, siku nzima ya kuokota korosho, na vigingi vyangu vinabaki kuwa kuni. Picha nitaichora upya kwenye kitambaa, Mzee Damasi akiwa pembeni anasimamia macho yangu. Kisha mama akatuma neno kutoka nyuma ya pazia, mama mdogo akalileta huku akijizuia.

"Mama anasema mawili. La kwanza, hana kiuno kinene hivyo. La pili, suruali haiondoki. Hawezi kupelekwa mpaka Nachingwea akiwa amekaliwa."

Baba mkwe akaniletea msuli wake. Na aliyenirudisha Ruangwa mjini ni yule yule wa bodaboda, ananiangalia kwenye kioo njia nzima, mabega yanatikisika.

Basi ndugu zangu, mke nimepata, suruali nimepoteza. Sasa nasubiri nimwone wa kucheka. Cheka tu: nitakuchora, halafu nitakukalia.